Tarehe tunazijua. Na kisha?



Leo niko na maneno juu ya ule mchezo wa kila asubuhi: «Tarehe kama ya leo, kulitokea nini?» Mnaujua. Unafikaka mu makundi yetu ya WhatsApp mbele hata chai iwe tayari. Swali moja, majibu ine, A, B, C, D, na wa kwanza kupata anapigiwa makofi. Mimi siko adui yake. Unakula mega kidogo, na unafanya mtu wa sheria na mtu wa agronomia waongee pamoja asubuhi. Hiyo si kitu kidogo.

Lakini mu agronomia, mbele ya kupanda mbegu tunazipimaka: unachukua 100, unaziweka pahali penye majimaji, kisha siku chache unahesabu ngapi zimeota. Sura ya mbegu haitoshi. Swali nalo nalipima vile vile: je, linaotesha swali lingine ndani ya kichwa cha mtu, ao linakufa mara tu jibu linapotolewa?

Tuanze na la mwezi. «Binadamu alikanyaga mwezi siku gani?» Jibu wanalotaka ni 20 Julai 1969. Ndiyo, kwa saa ya Marekani. Wakati Armstrong aliweka mguu chini, huku Kongo ilikuwa tayari tarehe 21, alfajiri, jua bado halijatoka. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bukavu mwenye kujibu «21» anapewa sufuri ju ya kuhesabu kwa saa ya kwao. Tarehe nayo iko na mwenyewe, lakini mchezo hautuambiaka ni nani.

Tuje kwetu. «Lumumba aliuawa siku gani?» 17 Januari 1961. Makofi, tunaendelea na kazi. Lakini angalieni vizuri. Siku ile alipigwa risasi pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Watu walitangaziwa kifo chake tarehe 13 Februari, tena kwa uongo: eti walitoroka, wanakijiji wakawaua. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 27. Nani alijua? Nani alinyamaza? Miili ilifanywa nini? Jino lake Ubelgiji ililirudisha kwa familia tarehe 20 Juni 2022, miaka 61 kisha. Swali la kweli lingekuwa: «Ju ya nini wakubwa wa Katanga walificha kifo siku 27?» Hilo haliingie mu A, B, C, D. Linataka mtu afungue kitabu, na abishane na mwenzake.

Kasoro ya tatu njo inaniuma zaidi. Mchezo huu unapendaka tu vitu vyenye siku moja: mapinduzi, kifo, mkataba, vita kuanza. 24 Novemba 1965, Mobutu anakamata utawala: swali hilo linarudi kila mwaka. Lakini mwanzo wa miaka ya 1970, kadudu kadogo keupe, kama kenye kupakwa unga, kalianza kukausha mihogo huku Zaire na ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville. Kalitoka Amerika ya Kusini bila maadui wake wa kwao, kakaenea nchi mingi za Afrika. Watu wenye kula ugali wa mihogo na sombe kila siku wanaelewa hiyo ni nini. Watafiti wakaenda kutafuta adui wake kule kadudu kalitoka. Mwaka 1981 wakapata nyigu mdogo Paraguay, akaanza kuachiliwa Nigeria, kisha mu nchi zingine. Mihogo ikapona pasipo mkulima kununua dawa. Hans Herren, mwenye kuongoza kazi ile, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Ni tarehe gani mihogo iliokolewa? Hakuna. Ilichukua miaka. Na ju haina tarehe, haiingie mu mchezo, na wadogo zetu wanamaliza masomo wakijua nani alipindua nani, lakini hawajui nani aliokoa sahani yao.

Mtaniambia: ni mchezo tu, acha watu wacheke. Sawa. Lakini tunaishi mu nchi ambapo historia inatumiwa kila siku kuchochea watu. Mwenye kuchochea hakosaki tarehe. Anazijua kuliko sisi. Kile analeta ni «sababu»: nani alitufanyia nini, na nani sasa lazima alipe. Kijana mwenye tarehe bila sababu ni kama shamba lenye kulimwa na kuachwa wazi. Wa kwanza kupita na mbegu yoyote, njo anapanda.

Kwa hiyo sisemi tufute mchezo. Asubuhi swali libaki vile liko. Jioni, yule aliyepata jibu aandike sentensi tatu: nani alifaidika, nani alilipa, nini kimebaki mpaka leo. Na siku ya posho, tuwe na swali moja lisilo na tarehe.

Nimetoa la agronomia. Nyinyi wa udaktari, wa sheria, wa ujenzi: mu fani yenu, kitu gani kilibadilisha maisha ya watu bila kuwa na siku yake? Andikeni hapa chini. Bila A, B, C, D.