Nimeuona Mshipa Wangu Ukipumua, Hapa Hapa Kitengela!

Wee, acha hiyo kazi usikilize! Nimetoka sasa hivi kupimwa mishipa ya tumbo na nyonga kwa skani ya Doppler, tumbo bado linanata jeli, na siwezi kutulia hata kidogo. Haki ya nani, lazima uione hii!

Kwanza, raha ya kutochomwa! Hakuna sindano, hakuna miale. Unaenda bila kula ili gesi isizibe picha (na mandazi ya nje yananukia, weeh!), unapakwa jeli baridi, baridi kweli kweli, halafu kidude cha kupimia kinakukandamiza chini ya kitovu mpaka unaguna. Lakini tazama skrini! Nyekundu inakuja kwetu, buluu inatukimbia, zinapita, zinacheza, ni damu yako mwenyewe, mbichi, hai!

Na bado! Mpimaji akafungulia sauti. Ateri inapiga shwuu, shwuu, sambamba na moyo. Vena ya paja ni mvumo mpole, mtamu. Nikivuta pumzi unafifia, nikishusha unarudi. Nikawa navuta na kushusha, nacheka peke yangu kitandani.

Kisha akahamia upande wa kushoto, mama yangu! Hapo ateri ya nyonga ya kulia hukatiza juu ya vena ya nyonga ya kushoto, uti wa mgongo uko nyuma, na vena inaweza kubanwa katikati. Rangi laini ikavunjika ghafla, njano, kijani, buluu, damu ikichupa kama maji kwenye mpira uliokanyagwa! Mwaka 1957 May na Thurner waliueleza mbano huu kwa kupasua maiti 430. Mimi nimeutazama wangu nikipepesa macho! "Geuka ulale ubavu, mama." Nikageuka. Rangi zikatulia, tuli!

Na bado! Akapanda juu kwenye vena ya figo ya kushoto, inayojipenyeza kati ya ateri mbili kubwa. Hiyo ikibanwa, mkojo unaweza kutoka na damu na ubavu kuuma. Yangu? Wazi, inateleza!

Daktari akanituliza: mbano peke yake si ugonjwa, wengi wanao na hawaumwi. Dalili zikikaza ndipo unatumwa kwa CT au MRI.

Sasa wewe, ambaye mguu wa kushoto tu ndio unaovimba kila jioni, nyonga nzito ukisimama, unangoja nini? Mwambie daktari wako. Ila uvimbe ukija ghafla na maumivu, au pumzi ikikatika, hiyo ni hospitali dakika hiyo hiyo! Vinginevyo, uwe Kajiado mjini au Isinya, panda matatu ya alfajiri, tumbo tupu, nguo isiyobana, uje. Na mpimaji akugeuzie skrini, usikubali kabisa kulala ukitazama dari!