Mkufunzi Anayejua Kukatiza Kisa

Huko Mwanza nilimwona mzee aliyebakiza muda mfupi astaafu akiwafundisha vijana wa vivuko. Projekta hakuwa nayo. Alisimama mbele yao akaanza: "Meli imepinduka, tumbo liko juu. Ndani wamo watu wazima wazima, mnawasikia wakigonga. Mashine ya kukatia chuma mnayo. Mnafanyaje?"

"Tunakata!" wakajibu kwa pamoja.

Mzee akanyamaza. Akawaacha na jibu lao kitambo, kisha akawapeleka Mei 21, 1996. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, waokoaji walitoboa meli wawafikie waliokwama. Kumbe hewa iliyobaki ndani ndiyo iliyokuwa ikiwapa pumzi watu wale na kuizuia meli isizame. Ilipopata tundu ikatoka, na meli ikaenda chini. Kijana aliyepaza sauti kuliko wenzake akainamisha kichwa. Hapo ndipo mzee alipofungua kitabu cha taratibu, na ukurasa ambao asubuhi ile wangeusinzilia, wakaomba usomwe tena.

Ufundi wake ulikuwa katika kule kunyamaza. Msimulizi mwenye pupa angetanguliza funzo, kisa kikabaki pambo. Yeye alijua kwamba mtu akishajifunga kwa jibu lake mwenyewe, makosa ya wengine huwa yake. Tena hakumtwika mwokoaji yeyote ujinga; kila aliyekuwa mle chumbani alikwisha kukiri kwamba naye angekata.

Wazee wetu walilijua hilo jandoni na unyagoni, ambako fumbo hutangulia na maelezo hufuata. Hata huko Marekani, katika miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Julian Orr aliandamana na mafundi wa mashine za fotokopi wa Xerox, akaona kuwa ubovu ukiwashinda na kitabu cha maelekezo kikigota, husimuliana visa vya mashine zilizowahi kuwasumbua. Humo ndimo walimopatia dawa.

Sisi tumeyafanya nini mafunzo kazini? Slaidi zinasomwa neno kwa neno, chai inanywewa saa nne, watu wanasaini mahudhurio, wanachukua posho na cheti. Taratibu zimo zote. Waliozilipia kwa roho zao hawamo. Wenye visa nao wanastaafu kila mwaka. Tunawaaga kwa keki na hotuba, wala hakuna aliyewauliza ile siku mbaya kazini ilikuwaje. Mwaka unaofuata tunalalamika kwamba vijana hawajali usalama.

Wewe unayeandaa mafunzo ya mwaka huu, punguza slaidi. Mtafute mmoja anayekaribia kuondoka, umwombe kisa kimoja cha kazi kilichomnyima usingizi, mkubaliane mahali pa kukikatiza. Kisha waulize vijana wangefanyaje, na usiwe na haraka ya kuwajibia.