Mfalme Aliyepiga Magoti

Charles wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, alikatwa kichwa mjini London tarehe 30 Januari 1649, baada ya kupigana na Bunge lake na kushindwa. Mara kilitokea kitabu, Eikon Basilike, kilichodaiwa kuwa ni maneno yake mwenyewe. Ukikifungua, msomaji, kabla hujafikia sura ya kwanza utakutana na picha ambayo William Marshall aliichonga katika bamba la shaba. Hiyo ndiyo nitakayo tuitazame.

Mfalme amepiga magoti. Taji la ufalme limelala chini karibu na mguu wake. Mkononi ameshika taji la miiba. Na uso ameuelekeza juu, kwenye taji la tatu, la mbinguni. Mstari mmoja mnyofu watoka jichoni mwake na kupanda kuelekea huko. Nje twaona mwamba katikati ya mawimbi, na mtende uliotundikwa vitu vizito, kwa kuwa watu wa zamani zile walisadiki kwamba mtende ukilemewa ndipo unapostawi. (Mkulima yeyote wa pwani yetu angewacheka.)

Kwa ufundi, kazi hii si nzuri. Mfalme ni mkavu kama kinyago, na vitu vimesongamana hata jicho halijui litue wapi. Marshall hakuwa stadi mkubwa. Alipomchora mshairi John Milton katika kitabu cha mwaka 1645, Milton alimpa beti za Kigiriki azichonge chini ya picha. Naye akazichonga zote, asijue kuwa zamcheka yeye.

Lakini angalia yasiyokuwamo. Hamna shoka, hamna askari, hamna hata maiti mmoja wa vita vilivyoanza mwaka 1642. Yumo mtu mmoja tu, asali, na ile miiba yamfananisha na Yesu. Nani atathubutu kumhukumu mtu wa namna hiyo? Hapo ndipo ninapomshitaki Marshall, na hapo hapo sina budi kumsifu.

Milton yule yule aliagizwa na serikali mpya akijibu kitabu hicho. Mwaka ule ule akakijibu, hoja kwa hoja, akiidharau picha kuwa ni mtego wa wajinga. Hoja zake nyingi zina nguvu. Hata hivyo kitabu chake kilipigwa chapa mara chache tu, na kile cha mfalme zaidi ya mara 30 katika mwaka huo mmoja, hata bamba la Marshall likachakaa, ikabidi achonge jingine.