Viazi 12 vya Ezeulu

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamemjua Chinua Achebe kupitia Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute. Lakini ufundi wake wa kusuka visa umekomaa zaidi katika Arrow of God, riwaya ya 1964, ambamo vijiji sita vya Umuaro, katika nchi ya Waigbo, vinaiacha dini ya mababu kwa sababu ya hesabu iliyovurugika.

Hesabu yenyewe ni ya viazi vikuu 12. Ezeulu, kuhani wa mungu Ulu, hula kimoja kila mwezi unapoandama. Vikiisha ndipo anapotangaza sikukuu ya viazi vipya, na kabla ya hapo hakuna anayethubutu kuvuna. Achebe anaiweka wazi katika sura ya kwanza. Mzee anautafuta mwezi kwa macho yaliyoanza kufifia, anauona, anagonga kengele ya chuma, kisha anaingia ghalani. Vitatu ameshakula, cha nne kimo mkononi. Anajua vimebaki vinane, na bado anavihesabu. Msomaji hudhani anaonyeshwa mila tu, kumbe mtego umeshategwa.

Anayeufyatua ni Kapteni Winterbottom. Serikali ya kikoloni inataka chifu, hata kwa watu wasiowahi kuwa na mfalme, naye anamchagua Ezeulu kwa kuwa alisema kweli katika ugomvi wa ardhi baina ya Umuaro na Okperi. Ezeulu anakataa. Anawekwa kizuizini Okperi, na miezi miwili inaandama akiwa huko, hivyo viazi viwili havijaliwa kwa wakati na sikukuu inachelewa.

Winterbottom hana habari ya viazi; anavuruga kalenda asiyojua kuwa ipo. Huo ndio uchambuzi mkali zaidi wa ukoloni katika kitabu hiki. Hata hivyo Achebe hamtupii mgeni lawama zote. Wazee wanamsihi kuhani ale viazi vilivyobaki, dhambi iwe juu yao, naye anakataa. Je, ni amri ya Ulu, au ni kinyongo dhidi ya watu waliomwacha peke yake? Mwandishi anaacha yote mawili yasimame, huku mazao yakiharibika ardhini.

Kifo cha ghafla cha Obika, mwanawe Ezeulu, ndicho kiungo dhaifu. Achebe ametaja mapema kwamba kijana ana homa, lakini pigo hilo halitokani na hesabu ya viazi. Hata hivyo Umuaro inaliona kuwa hukumu ya Ulu juu ya kuhani wake. Mwalimu wa kanisa, Goodcountry, ameshatangaza kwamba atakayemtolea Mungu wa Wakristo kiazi atavuna bila hofu, na wenye njaa wanawatuma watoto wao huko.