Malindi Ikishinda, Nani Hulipa?

Gemu ya vita ikiletwa Pwani, mtu wa huku ana haki ya kuiuliza maswali mawili. La kwanza: je, tumo? La pili: tukiwemo, tumo kama nani? Europa Universalis IV, iliyotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya Sweden, inalijibu la kwanza vizuri kuliko vitabu vingi vya shule. La pili inalijibu vibaya, ila ubaya wenyewe una mafunzo.

Tuanze na zuri. Gemu inaanza tarehe 11 Novemba 1444, zaidi ya nusu karne kabla ya Vasco da Gama kutia nanga. Malindi ipo kwenye ramani, ina bendera yake na hazina yake, na majirani wake, Mombasa na Kilwa, wanaitazama kwa jicho la pembeni. Kijana wa Marereni aliyefundishwa kana kwamba historia yetu ilishuka kutoka merikebuni pamoja na Mreno anafungua laptopu na kuikuta Malindi ikiendelea na shughuli zake, Mreno yuko kwao. Hilo si jambo dogo, bwana.

Kisha inakuja kazi ya kupanga jeshi, na hapo ndipo udogo unapouma. Kikosi kimoja ni watu 1,000, na nchi ndogo kama Malindi hairuhusiwi vikosi vingi. Ukizidisha kiwango, gharama inapanda na hazina inakauka. Vijana ukiwamaliza vitani, utangoja miaka hadi wengine wapatikane. Kwa hiyo unajifunza haraka: askari wa miguu wachache, merikebu kiasi za kulinda biashara, mamluki wa kukodi siku ya shida hata kama ni kwa mkopo, na zaidi ya yote, rafiki mwenye nguvu. Mchezaji wa nchi ndogo mwishowe huishia kwenye mbinu ileile: jibanze kwa mkubwa, mpige jirani, chukua mji wake.

Sasa tazama historia yenyewe. Malindi ilifanya hivyo hivyo. Aprili 1498 Vasco da Gama alitoka Mombasa kwa mashaka, akapokelewa Malindi na kupewa rubani wa kumfikisha India. Tangu hapo Malindi ilikuwa upande wa Mreno. Mombasa ilichomwa mwaka 1505. Mwaka 1528 Nuno da Cunha aliivamia tena, safari hii watu wa Malindi wakiwa pamoja naye. Mwaka 1589 Wazimba walipofika Malindi kuumaliza mji, waliouokoa ni Wasegeju, na ni Wasegeju haohao walioingia Mombasa na kumkabidhi sultani wa Malindi.

Hapa ndipo gemu inaponiudhi. Inakupa askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga, lakini hakuna mahali pa kuandika “Wasegeju”. Nguvu ya mji wa Mswahili haikuwa askari aliowalisha mwenyewe tu. Ilikuwa pia watu wa bara aliofanya nao biashara, akawapa zawadi, akaoana nao, hata siku ya vita wakaja. Gemu inahesabu kilichomo ndani ya mpaka. Sultani wa Malindi alihesabu nani ataitikia akiitwa. Hesabu hizi mbili haziwi moja hata ukizilazimisha.

Na la pili ni kubwa zaidi. Kwenye gemu, ukiitwaa Mombasa umeshinda. Rangi yako inatanda kwenye ramani nawe unapanga vita vijavyo. Malindi halisi iliipata Mombasa. Sultani akahamia huko, Mreno akaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na Malindi yenyewe ikaanza kufifia. Mji ulioshinda ndio uliokwisha. Tarehe 16 Agosti 1631 mtu wa ukoo huohuo wa Malindi, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, aliingia ngome ile na kumuua kapteni wake. Mwaka uliofuata aliiacha Mombasa akaingia baharini. Deni la urafiki wa 1498 lilikuwa limemwangukia yeye.

Gemu haina kibao cha deni la namna hiyo. Ina riba ya mikopo, ndiyo, lakini haimwulizi mchezaji mkubwa uliyemkaribisha atakaa wapi, na watoto wako watalala wapi. Sisi wa Magarini swali hilo hatulioni la zamani. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuja huku kusikiliza malalamiko ya wakaazi kuhusu ardhi na mashamba ya chumvi, na ripoti yake ya 2006 ipo, yeyote anaweza kuisoma.

Je, nawaambia vijana wasiicheze? La hasha. Waicheze, tena kwa Malindi. Wajue uchungu wa kuwa na vikosi vitatu mbele ya adui mwenye ishirini, maana atakayeuonja hatakuwa mwepesi wa kuwaita wazee wetu wasaliti. Lakini wakishaichukua Mombasa, wasimamishe gemu kidogo, waipeleke ramani hadi Malindi, wajiulize: hapa amebaki nani?