Chanya na Hasi: Uhakiki wa Istilahi za Kemia

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, hapana awezaye kudai kwa haki kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutajia atomu na sehemu zake. Maneno yapo. Litupasalo kuhakiki ni namna yanavyotenda kazi ndani ya sentensi, hususan masikioni mwa mwanafunzi wa Kanyosha, ambaye sayansi huisoma kwa Kifaransa na Kiswahili hukisoma kama somo la lugha.

Tuitazame sentensi hii, ambayo mfano wake kila mwalimu ameusikia: "Atomu ya sodiamu hupoteza elektroni moja na kuwa ioni yenye chaji chanya." Kisarufi haina dosari. Lakini ina mitego. Mtego wa chaji ni mdogo: mwanafunzi alijua neno hilo kwa simu yake, hivyo hudhani ni kitu cha kujazwa na kwisha. Mtego mkubwa umo katika chanya na hasi. Katika mazungumzo ya siku hizi mtazamo chanya ndio mwema, na hasi ndio mbaya (tusiseme lolote juu ya kitenzi kuhasi, ambacho wafugaji wanakijua). Iweje basi atomu ipoteze kitu, kisha itunukiwe sifa njema? Mwanafunzi aulizaye hivyo ana akili timamu.

Jibu ni hesabu. Sodiamu ina protoni 11, kila moja ikiwa na chaji chanya, na elektroni 11, kila moja ikiwa na chaji hasi. Jumla ni sifuri. Ikiondoka elektroni moja hubaki 10, na protoni moja hukosa wa kuilinganisha. Klorini yenye 17 kwa 17 huipokea elektroni hiyo, ikawa na elektroni 18, nayo ikawa ioni hasi. Majina hayo mawili yalitolewa na Benjamin Franklin katika karne ya 18, kabla J. J. Thomson hajaitambua elektroni mwaka 1897. Lawama, kama ipo, si ya Kiswahili.

Ila kitenzi ni chetu wenyewe. Apotezaye hakukusudia, na kilichopotea hakijulikani kilipo. Ilhali elektroni hii inajulikana: iko kwa klorini. Napendekeza kutoa na kupokea. Tena kutoa lina faida ya ziada, kwani ndilo neno letu la hesabu: ukitoa hasi moja kwenye sifuri, wapata chanya moja. Lugha yenyewe imekwisha fundisha nusu ya somo.

Baadhi yetu husema pia kwamba "elementi ya sodiamu ina chaji chanya". Hapana. Elementi ni aina, na aina hiyo hutambulikana kwa protoni zake 11. Yenye chaji ni ioni. Metali ya sodiamu ikitiwa majini huchemka kwa ghadhabu na yaweza kuwaka moto. Chumvi ya chemchemi za Uvinza, huko Kigoma, imejaa sodiamu hiyo hiyo, nayo huyeyuka chunguni kwa utulivu. Tofauti yao ni elektroni moja iliyokwisha kutolewa.