Siku Zihesabiwe Tangu Damu Ilipovuja

Mshipa upasukapo na damu ikamwagika chini ya utando uuzungukao ubongo, tabibu hukabiliwa na hatari tatu kwa pamoja: mshipa ule kupasuka tena, damu kuganda miguuni mwa mgonjwa asiyeweza kuinuka na donge lake kupanda hadi mapafuni, na mishipa ya ubongo kubana hata sehemu iliyosalimika ikakosa damu. Taabu yenyewe ni kwamba dawa ya hatari moja aghalabu huichochea nyingine, kwani heparini izuiayo kuganda yaweza kurudisha uvujaji.

Hikima, basi, imo katika utaratibu. Hutangulia kinga isiyoigusa damu, yaani mifuko ya hewa ifungwayo miguuni, ijaayo na kupwaya kwa zamu ili damu isukumwe kurudi moyoni. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2013, uliohusu wagonjwa 2,876 wa kiharusi wasioweza kutembea, ijapokuwa si wenye uvujaji wa namna hii, ulionyesha kuwa asilimia 8.5 ya waliofungwa mifuko hiyo waligandiwa na damu miguuni, dhidi ya asilimia 12.1 ya wenzao wasiofungwa. Ilhali soksi za kubana, zilizopimwa mwaka 2009, hazikuthibitika kufaa. Heparini hungoja mpaka mshipa uzibwe, na kwa kawaida saa 24 zipite.

Ama mbano wa mishipa, huo una miadi yake: huanza yapata siku ya 4, hukithiri baina ya siku ya 7 na ya 10, na hupungua baada ya siku ya 14. Kinga ya madhara yake ni nimodipini, miligramu 60 kila saa 4 kwa siku 21, pamoja na kuhakikisha mwili haupungukiwi maji. Katika jaribio la Uingereza la mwaka 1989, lenye wagonjwa 554, wagonjwa ambao sehemu ya ubongo wao ilikufa kwa kukosa damu walikuwa asilimia 22 kwa waliopewa dawa hiyo, na asilimia 33 kwa wasiopewa. Mgonjwa asiyeweza kumeza hupewa kwa mpira wa puani. Dawa ya kumeza isidungwe mshipani kamwe, kwani yaweza kuua.

Kwa mfano, mgonjwa wa Meru nchini Kenya ahitajiye upasuaji wa kuziba mshipa mara nyingi hupelekwa Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa njia ya Embu, na pengine amekwisha kukaa nyumbani siku mbili akidhani ni maumivu ya kawaida ya kichwa. Akifika Hospitali ya Kenyatta siku ya 5, huenda mbano umekwisha kuanza. Kwa sababu hiyo, muuguzi wa Meru au Embu aandikaye katika barua ya rufaa siku na saa ya maumivu ya kwanza, akatunza dripu, akapima shinikizo la damu na kuanzisha nimodipini kwa amri ya daktari, hafanyi kazi ya kusubiri gari. Ameanza tiba yenyewe, na bingwa wa Nairobi humkamilishia.